Chumba hakijapungua, kazi ndo zimeongezeka: kuishi kwenye kumi kwa kumi na mbili bila kubanana

Kuna swali kila aliyetoka nyumbani kwao akaanza maisha Sinza, Tabata au Kimara hapa Dar lazima aliulize: nina masta, yaani chumba chenye choo ndani, ya futi kumi kwa kumi na mbili, nataka iwe ya kisasa, niweke nini? Na majibu huwa ni yaleyale, paka rangi nyeupe, tundika kioo kikubwa, nunua sofa la L, bandika zile taa za LED za kuzunguka dari. Mi nilifuata ushauri wote huo kama ulivyo. Sofa la L liliingia baada ya kung'olewa miguu na mlango kutolewa kwenye bawaba, na lilipokaa sawa ndo tukagundua mlango wa kabati la nguo haufunguki tena zaidi ya upana wa mkono, kwahiyo karibu miezi minane nilikuwa navuta mashati kama mtu anayetoa barua kwenye sanduku la posta.

Shida ni kwamba lile swali lenyewe lina kasoro. Tunauliza tuweke nini wakati hatujajiuliza hicho chumba kilikuwa cha kazi gani tangu mwanzo.

Chukua nyumba ya Kiswahili, zile za Kariakoo, Magomeni, Ilala, ambazo bado zipo nyingi tu. Mbele kuna baraza, ukiingia unakuta korido imekata nyumba katikati, vyumba vitatu kushoto vitatu kulia, halafu korido inakutupa uani ambako kuna jiko, bafu, choo, stoo na kamba za kuanikia. Vyumba ni vidogo, vingi ni hiyohiyo kumi kwa kumi au kumi kwa kumi na mbili, na familia nzima ilikuwa inakaa kwenye kimoja au viwili. Lakini hebu angalia ndani ya chumba kulikuwa kunafanyika nini: kulala, kubadilisha nguo, na kuficha vya thamani, basi. Kupika uani. Kufua uani. Wanaume kupiga stori na kucheza bao ni barazani, mgeni naye alikaribishwa barazani, watoto walikuwa korido na nje, na kusuka nywele ni mkeka chini ya mwembe kama upo. Chumba kilikuwa kidogo kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa kubwa.

Sasa njoo kwenye masta ya leo. Ukubwa ni uleule, tena afadhali kidogo maana kuna choo ndani, ila baraza hakuna, uani hakuna au ni kijia cha upana wa mita moja kati ya ukuta wako na ukuta wa jirani. Kwahiyo jiko limeingia ndani, kufua kumeingia ndani, sebule imeingia ndani, na tangu watu waanze kufanyia kazi kwenye laptop hata ofisi imeingia ndani. Ndo maana unajihisi unabanwa kwenye chumba ambacho bibi yako angekwambia kinatosha na nafasi inabaki. Kazi tatu zimekuwa kumi, na ukiongeza sofa la L umeongeza ya kumi na moja.

Ukitaka uone hii sio hadithi ya Dar peke yake, mwangalie Le Corbusier, yule msanifu majengo maarufu wa Ufaransa mwenye asili ya Uswisi. Mwaka 1952 alijijengea kibanda cha mapumziko ufukweni Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, chumba kimoja cha mita 3.66 kwa mita 3.66. Piga hesabu uone, hiyo ni futi 12 kwa 12, yaani ni kama masta ya Kimara tu. Ndani ana kitanda chenye droo chini, meza, kabati, choo kimefichwa kwa pazia, na wasomi wa ujenzi mpaka leo wanakwenda kukishangaa, UNESCO imekiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2016. Lakini kuna kitu watu wakipiga zile picha hawakitaji sana: kibanda hakina jiko. Kilijengwa kimegusana na mgahawa, kuna mlango wa kupita moja kwa moja, chakula anakula kwa jirani, na kuoga ni nje. Yaani mzee alikuwa na baraza na uani, sema tu vilikuwa vya mtu mwingine.

Kwahiyo kanuni ya kwanza, kabla ya rangi na kabla ya kioo, ni kuandika kazi zote zinazofanyika humo ndani, halafu utafute ipi inaweza kurudi nje na ipi inaweza kupeana zamu na mwenzake. Kufua kunaweza kwenda kwa mama wa mtaani mara moja kwa wiki, na hapo umetoa diaba mbili na ndoo tatu. Kuanika kunaweza kwenda juu, kamba ya kuvuta na kapi, nguo zikining'inia juu ya kichwa. Ila kulala, kukaa, kula na kufanya kazi ya laptop haviendi popote, hivyo ndo lazima vipeane zamu.

Hili la zamu kuna mtu amelifikisha mwisho kabisa, Gary Chang, msanifu wa Hong Kong. Flati yake ina mita za mraba 32 hivi, na ndo humohumo alikulia na wazazi na dada zake watatu. Alipobaki nayo peke yake akavunja kuta zote za ndani akaweka kuta zinazoteleza kwenye reli za darini, ukisukuma huu unapata jiko, ukisukuma ule unapata maktaba, ukivuta kitu kingine kitanda kinashuka, na anapata mipangilio 24 kwenye sakafu ileile moja. Zile kuta za chuma na reli sisi hatuna hela nazo na mwenye nyumba hawezi kukubali, ila akili yake tunaihitaji: sakafu moja inafanya kazi nyingi kama vitu vinapisha. Na kusema kweli hilo sio geni kwetu, mkeka ndo ilikuwa fanicha ya kwanza ya kukunja, asubuhi meza ya kulia, mchana sebule, usiku kitanda cha mgeni, ukimaliza unaukunja unausimamisha nyuma ya mlango. Tumeuacha tukanunua vitu vya kilo tisini ambavyo havihami mpaka siku ya kuhama nyumba.

Haya tuje kwenye futi sasa, maana hapa ndo pesa zinapopotea.

Chumba cha kumi kwa kumi na mbili kina futi za mraba 120. Kitanda cha sita kwa sita kwa jina ni 36, lakini hakuna kitanda kinachokaa kwa ukubwa wa godoro, kuna fremu, kuna ile sehemu ya kichwani iliyopambwa, ukipima vizuri unakuta futi sita na nusu kwa saba, hiyo ni 45. Mlango wa kuingilia wa futi tatu ukifunguka kwa ndani unafagia kama futi 7 za mraba ambazo huwezi kuweka kitu chochote. Kabati la futi nne kwa mbili ni 8, na milango yake ikifunguka inataka 8 nyingine mbele yake. Jumla 68. Umeshakula zaidi ya nusu ya chumba na hujaweka hata stuli, jiko wala friji, na bado hujapita wewe mwenyewe.

Sasa shika kitu kimoja tu hapa: mtu anahitaji njia ya kama futi mbili kupita bila kugeuka ubavu, na njia kuu ya kutoka mlangoni mpaka chooni iwe karibu futi tatu maana hiyo unaipita usiku bila taa ukiwa na usingizi. Njia ndo ya kupima kwanza, fanicha inafuata. Chukua chaki chora njia chini, kinachobaki ndo chako cha kununulia vitu. Nilivyofanya hivyo nikajikuta nacheka peke yangu, maana lile sofa lilikuwa limekaa katikati ya barabara.

Kwa aliye peke yake, kitanda cha nne kwa sita kinatosha kabisa jamani, tuache ufahari. Ukitoka sita kwa sita kuja nne kwa sita umeokoa kama futi 14 za mraba, hapo panakaa meza na kiti chake. Kwa wawili, tano kwa sita. Na chochote utakachochagua, mwambie fundi akipandishe. Kitanda cha sita kwa sita kikiwa na futi moja tupu chini yake kina uwazi wa karibu mita moja ya ujazo, hiyo ni stoo nzima, masanduku, blanketi, vyombo vya sikukuu. Wengi wanatengenezewa droo za chini halafu hazifunguki kwa sababu mbele kuna kitu, droo ya futi mbili inataka futi mbili mbele yake, usipokuwa nazo bora mabeseni ya plastiki yenye mfuniko unayavuta kwa kamba. Usikisukumie kitanda ukutani kabisa hasa ule ukuta unaopakana na bafu, acha hata inchi mbili, la sivyo baada ya masika utakuta fangasi nyuma ya godoro. Na chandarua, kile cha duara kinachoning'inia kwenye msumari mmoja kinakula katikati ya chumba mchana kutwa, cha pembe nne kinafungwa kamba kwenye pembe na kukunjwa juu, hakimsumbui mtu.

Kuna picha zinazunguka sana za vitanda vya ghorofani, chini meza ya kazi juu kitanda, zinavutia mno. Kwa mtoto sawa. Kwa mtu mzima anayekaa chini ya bati na dari la jipsamu iliyoshushwa, Januari, umeme umekatika na feni imezima, mi simshauri. Hewa ya moto inapanda juu, na ule urefu unaoupanda kwenda kulala ndo unakokwenda joto lote la chumba. Picha nyingi za namna hiyo zimepigwa kwenye nchi ambazo tatizo lao ni baridi.

Sehemu ambayo tunaiacha bure ni ukuta kuanzia futi sita kwenda juu. Vyumba vyetu vingi vina kimo cha futi tisa au kumi, na juu ya kichwa cha mtu hakuna kitu zaidi ya kalenda. Ukipiga rafu ya upana wa futi moja, kimo cha futi saba hivi, ikazunguka kuta tatu, kwenye chumba chetu kilekile unapata karibu futi 30 za mraba za kuweka vitu, yaani sawa na godoro zima la tano kwa sita, na hujagusa sakafu hata kidogo. Sio uvumbuzi wa mtandaoni huo. Ukienda Lamu kwenye nyumba za zamani za mawe utaona zidaka, vile vishimo vilivyochongwa ukutani kwa mpangilio, vinawekwa vyombo na mapambo, vimeingia kwenye unene wa ukuta wa matumbawe kwahiyo havikuibii chumba hata inchi. Na wale walikuwa na sababu, upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ambazo hazivuki sana mita mbili na nusu hadi tatu, ndo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, ukiweka kabati nene tu umeziba. Sisi kuta zetu ni tofali za inchi tano au sita, hakuna unene wa kuchonga, lakini juu ya mlango kuna nafasi, juu ya dirisha kuna nafasi, na pale juu ya choo ndo usiseme.

Ishu ni mwenye nyumba hataki kusikia drili. Zungumza naye kabla hujalipa ile kodi ya miezi sita, maana ukishalipa huna nguvu tena, mwambie utaziba matundu na kupaka rangi ukiondoka, wengi wanakubali kama umesema mapema na kwa adabu. Na ukitoboa, toboa na fisha za saizi sahihi, vile vibomba vya plastiki vya kushika skrubu ukutani, kuna tofali zimepigwa mchanga mwingi kuliko saruji, ukigusa tu unga unamwagika, kwenye ukuta wa hivyo usitundike kitu kizito juu ya kitanda, weka rafu ya kusimama yenyewe, nyembamba na ndefu, ibane juu isianguke. Tivii ndo kitu cha kwanza kwenda ukutani. Showkesi ya tivii ni futi sita kwa moja na nusu, ndani yake kuna glasi sita ambazo hakuna mgeni amewahi kuzinywea.

Jiko sasa. Hapa naomba tutulie kidogo kwa sababu sio suala la urembo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani kama watu wanavyodhani, inashuka chini inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona, chini ya kitanda, ndani ya kabati. Kwahiyo mtungi usiufungie kwenye kabati lisilo na matundu chini, usiuweke ukutani mwa kitanda, uweke karibu na mlango au mahali ambapo chini panapita hewa, na ukisikia harufu funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi yoyote iwe kuwasha au kuzima. Mkaa ndani ya chumba ndo kabisa hapana, ile hewa yake ya sumu haina harufu, unalala huamki.

Kwenye mpangilio wa jiko dogo, kuna mwanamke mmoja wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, mwaka 1926 alibuni jiko la nyumba za bei nafuu za mji wa Frankfurt, upana mita 1.9 na urefu mita 3.4 hivi, na yakajengwa kama elfu kumi. Alichofanya ni kuhesabu hatua za mpishi, akatazama na majiko ya treni, akapanga vitu kwa kufuata kazi inavyokwenda badala ya kufuata sura. Kwenye masta sisi tunabaki na meza moja ya futi nne, lakini akili ni ileile: upande mmoja ndoo ya maji safi na beseni la kuoshea, katikati pa kukatia, mwisho jiko, viungo viwe ukutani mbele ya macho yako. Ukijikuta unavuka chumba kwenda kuchukua chumvi, umepanga vibaya. Na pazia la plastiki kati ya jiko na kitanda lina maana kubwa kuliko unavyofikiri, muulize mtu aliyewahi kwenda kazini ananuka dagaa.

Mwanga na hewa. Rangi nyeupe inasaidia kweli, inarudisha mwanga, ila kwa vumbi letu ile isiyong'aa ukiifuta inatoka alama, chukua rangi ya silki, na sehemu ya chini mpaka kiunoni hata rangi ya mafuta sio dhambi. Kioo kiweke pale kinapolitazama dirisha, kikitazama ukuta kinakuonyesha ukuta mara mbili. Lakini mimi ningemwambia mtu aangalie dirisha kabla hajaangalia rangi. Madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo ndo fasheni, yanafunguka nusu tu, dirisha la futi tano unapata mbili na nusu, ukiongeza wavu wa mbu upepo umepungua tena. Yale ya mbao ya zamani yalifunguka yote. Na dirisha moja peke yake halileti upepo, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea, kwahiyo ukienda kutazama chumba cha kupanga tafuta chenye madirisha kwenye kuta mbili tofauti, au dirisha linalotazamana na mlango wenye grili, uweze kulala mlango wazi grili imefungwa. Kwa Dar, dirisha likiwa upande unaopata kusi, kuanzia Mei mpaka Septemba utasahau kama una feni. Halafu mtu analipata dirisha zuri kama hilo anasogeza kabati mbele yake, aisee.

Lile sofa nililiuza kwa hasara. Nikaenda Keko nikamchorea fundi benchi, futi sita kwa mbili, kimo kama cha kiti cha kawaida, juu mfuniko wa bawaba, ndani tupu, na juu yake sponji ya inchi tatu iliyoshonewa kitenge. Akalitazama akaniuliza kama ni la kanisani. Limekaa ukutani chini ya dirisha, ndani kuna mashuka, pasi, begi la safari na vitabu, mchana wanakaa watu watatu, meza ya kukunja ikishushwa kutoka ukutani tunalia hapohapo, na mdogo wangu akija kutoka Morogoro ndo anapolala. Juzi jirani kaingia mara ya kwanza, katazama huku na huku, kaniuliza mbona chumba chako kikubwa kuliko changu, na ukuta wetu ni mmoja.